Kaka Anasema Watu Wasiomjua Waliikatia Bima Nyumba Yake. Je, Sisi Tununue?

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Columbus, Ohio, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huku nilimfuata kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia nauli na kunipokea. Naandika kwa sababu jambo lililompata miaka mingi iliyopita sasa limeingia katika uamuzi wetu, na kila ninapojaribu kulizungumza naye tunaishia kununiana.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 kaka na wifi walinunua nyumba mjini Cleveland kwa mkopo wa dola 110,000, wenye riba ya asilimia 7.5, waliotafutiwa na dalali wa mikopo aliyewafuata hadi sebuleni kwao na fomu zake. Kaka alikuwa akifanya kazi kiwandani, na marejesho ya mwanzo, takriban dola 770 kwa mwezi, aliyamudu. Mwaka 2007 marejesho yalipanda hadi karibu dola 1,000, yakapanda tena baada ya miezi sita, huku kodi ya nyumba na bima akivilipa kando. Alijaribu kukopa kwingine ili aufute mkopo huo, akaambiwa kwamba thamani ya nyumba haifikii tena deni lake. Mwaka 2008 alishtakiwa, na mwaka uliofuata nyumba ikauzwa kwa mnada kwa bei isiyofika robo ya alichokopa.

Tangu hapo kaka amesoma na kusikiliza mengi kuhusu mikataba ya bima ya mikopo iliyouzwa na benki kubwa. Anaamini kwamba watu wasiomjua waliikatia bima nyumba yake, wakasubiri ashindwe, na wakalipwa aliposhindwa. Na kwamba, kwa kuwa bima ililipwa, deni lake lilikuwa limekwisha na nyumba ilichukuliwa bila haki. Husema: "Majirani kumi wakiruhusiwa kuikatia nyumba yako bima ya moto, nani atakuja na ndoo ya maji?" Mwezi uliopita alipigiwa simu na kampuni inayodai kwamba inaweza kumpatia fidia kutoka kwa waliopokea fedha za bima hizo, sharti atangulize ada ya dola 2,500. Ameniomba nimchangie nusu.

Wakati huohuo mimi na mume wangu tumepata nyumba tunayoipenda, na tumeandaliwa mikopo ya aina mbili tuchague mmoja: wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika, na mwingine wenye riba ya chini kwa miaka 5 ya mwanzo, ambayo baadaye itabadilika kila miezi 6. Kaka amesema tukitia saini mkopo wowote tusimhesabu tena kuwa ndugu, na amempigia simu mama huko Tanga. Mama naye ananiambia nimsikilize mkubwa wangu. Je, anayoyasema kaka ni kweli? Ipo fidia? Na tununue au tuache?

Mdogo Mtu, Columbus

*

Dada yangu,

Lenye haraka nilimalize kwanza: msitume hizo dola 2,500, wala nusu yake. Fidia kwa walionyang'anywa nyumba katika miaka ile ilikuwapo kweli, na iliyojulikana zaidi ilitokana na makubaliano ya Februari 2012 kati ya serikali ya shirikisho, majimbo 49 na benki tano kubwa, yenye thamani ya dola bilioni 25. Waliopoteza nyumba kati ya 2008 na 2011 kupitia benki hizo walijaza fomu bila kulipa chochote, na mwaka 2013 waliokubaliwa walitumiwa hundi ya takriban dola 1,480 kila mmoja. Muda wa kudai ulikwisha zamani. Aidha, tangu Januari 2011 kanuni za shirikisho zinazikataza kampuni zinazoahidi nafuu ya mikopo ya nyumba kutoza ada kabla ya kuleta matokeo, kwa hiyo yeyote anayempigia kaka simu kuhusu deni la nyumba na kudai kitangulizi anastahili kuripotiwa kwa mwanasheria mkuu wa Ohio. Kama kaka anahisi bado ana haki mahakamani, aende kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ambako atasikilizwa bila malipo.

Sasa tuje kwenye hoja yake yenyewe, ambayo ina ukweli mwingi kuliko unavyodhani.

Mkopo wa kaka, kama mikopo mingi ya aina yake, huenda haukukaa na aliyeutoa hata kwa miezi michache. Dalali alilipwa kamisheni yake, kampuni ya mikopo ikauuza kwa benki ya uwekezaji, nayo benki ikaukusanya pamoja na maelfu ya mikopo mingine katika mfuko mmoja. Tume iliyoundwa na serikali ya Marekani kuchunguza mgogoro wa fedha wa miaka ile, iliyotoa ripoti yake Januari 2011, ilifuatilia mfuko mmoja wa mwaka 2006 uliokuwa na mikopo 4,499 iliyotolewa na kampuni ya New Century, yenye jumla ya dola milioni 947. Marejesho ya watu hao wote yaligawanywa katika vipande vilivyopangwa kwa zamu: wenye vipande vya juu walilipwa kwanza, na wenye vipande vya chini walikuwa wa kwanza kupata hasara. Zaidi ya robo tatu ya thamani ya mfuko huo ilipewa daraja la juu kabisa la usalama. Vipande vya chini, ambavyo vilikuwa vigumu kuuza, vilichukuliwa kutoka katika mifuko mingi, vikarundikwa katika mfuko mpya, vikakatwa upya, na sehemu kubwa yake nayo ikapewa daraja lilelile la juu.

Juu ya vipande hivyo ndipo ilipokaa mikataba anayoizungumzia kaka, yaani mikataba ya kinga dhidi ya kukwama kwa mikopo. Upande mmoja hulipa ada kila kipindi. Upande wa pili huahidi kulipa hasara ikiwa mkopaji atashindwa. Mwanzo wake haukuwa na ubaya. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 1994, ambapo benki ya J.P. Morgan ilikuwa imeiahidi Exxon mkopo mkubwa kufuatia kesi za mafuta yaliyomwagika Alaska mwaka 1989, ikailipa Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo ili ibebe hatari ya mkopo huo. Aliyenunua kinga alikuwa mkopeshaji mwenyewe, mwenye kitu cha kupoteza.

Sharti hilo la kuwa na kitu cha kupoteza ni la kale katika biashara ya bima. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1745 kuikatia bima meli ambayo huna maslahi nayo, na mwaka 1774 ikafanya hivyo kwa uhai wa mtu baki, kwa sababu watu walikuwa wamegeuza bima kuwa kamari. Mikataba ya kinga haikuitwa bima, kwa hiyo haikubanwa na sharti hilo, na sheria ya Marekani ya Desemba 2000 iliiweka nje ya mikono ya wasimamizi na hata ikayazuia majimbo kutumia sheria zao za kamari dhidi yake. Kufikia mwisho wa 2007 mikataba hiyo duniani kote, ikihesabiwa kwa thamani iliyoandikwa, yaani jumla ya madeni iliyoyahusu, ilikuwa imepita dola trilioni 55, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikononi mwa watu wasiomdai mkopaji hata senti.

Kwa hiyo majirani kumi wa kaka walikuwapo, na walikuwa zaidi ya kumi. Mwaka 2007 benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs ilitengeneza mpango ulioitwa Abacus 2007-AC1. Ndani yake hamkuwa na mkopo hata mmoja. Mlikuwa na orodha ya vipande 90 vya mifuko ya mikopo ya nyumba, na pande mbili zilizowekeana dau juu ya orodha hiyo. Kampuni ya uwekezaji ya John Paulson, iliyokuwa ikinufaika vipande vikianguka, ilishiriki kuvichagua, na waliokaa upande wa pili, ikiwamo benki ya Kijerumani ya IKB, hawakuambiwa. Kufikia mwisho wa Januari 2008, asilimia 99 ya vipande hivyo vilikuwa vimeshushwa daraja, na Paulson alikuwa na faida ya karibu dola bilioni 1. Yeye hakushtakiwa. Goldman ilishtakiwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, na Julai 2010 ikakubali kulipa dola milioni 550 pamoja na kukiri kwamba maelezo iliyowapa wanunuzi yalikuwa na upungufu.

Anapokosea kaka ni katika mambo mawili, na yote mawili yana uzito kwako.

La kwanza ni kudhani kwamba nyumba yake yenyewe ilikatiwa bima, na kwamba malipo ya bima hiyo yalifuta deni lake. Dau liliwekwa juu ya vipande, na kila kipande kilibeba matone ya marejesho ya maelfu ya familia. Jina la kaka halikuandikwa popote. Mikataba ilikuwa kati ya watu wawili waliokaa nje kabisa ya mkopo. Mmoja alipomlipa mwenzake, mfuko uliomiliki deni haukupokea chochote, na deni likabaki palepale. Tukiurudia mfano wake, jirani aliyeikatia nyumba yako bima ya moto akilipwa, wewe hujajengewa nyumba wala hujafutiwa deni lako dukani. Ndiyo maana pia hakuna chungu cha fedha kinachowasubiri wenye nyumba: alichopata mmoja kilikuwa hasara ya mwingine, na walioshindwa kulipa hasara zao walibebwa na serikali.

Hapo kwenye kubebwa, hasira ya kaka naielewa na ninashirikiana naye. Kampuni ya bima ya AIG, kupitia kitengo chake kilichoendeshwa kutoka London na Connecticut, ilikuwa imeuza kinga ya dola bilioni 78 hivi kwa vipande vilivyodhaniwa kuwa salama kuliko vyote, bila kutenga akiba inayolingana na ahadi hiyo. Bei za vipande ziliposhuka, wanunuzi wa kinga walidai AIG iweke dhamana ya fedha taslimu, na fedha hizo hazikuwapo. Tarehe 16 Septemba 2008, siku moja baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kuomba kufilisika, Benki Kuu ya Marekani iliikopesha AIG dola bilioni 85. Miezi michache baadaye vipande vyenyewe vilinunuliwa kwa mpango wa tawi la New York la Benki Kuu hiyo, na benki zilizokuwa zimenunua kinga zikapata thamani yake yote, senti 100 kwa kila dola. Katika msimu uleule kaka yako alikuwa akijibu mashtaka Cleveland, na hakuna aliyejitolea kumlipia japo senti 10 kwa dola. AIG iliurudisha msaada huo kufikia mwisho wa 2012, na serikali ikapata faida, lakini hilo halimfariji aliyekwisha kuuziwa nyumba.

La pili ni zito zaidi. Kaka anaamini kwamba dau lile ndilo lililomwangusha. Mikataba ya kinga ilichangia, kwa kuwa AIG ilipozihakikishia benki kwamba vipande vya juu havina hatari, benki zilipata ujasiri wa kuendelea kununua mikopo ya ovyo, na mahitaji hayo ndiyo yaliyompeleka dalali hadi sebuleni kwa wifi yako. Lakini kilichomtoa kaka ndani ya nyumba kilikuwa kwenye mkataba wake mwenyewe, tena tangu siku ya kutia saini.

Mwombe akuonyeshe ile nyongeza ya mkataba inayohusu riba inayobadilika, kama bado anayo. Mikopo ya aina yake ilikuwa na riba isiyobadilika kwa miaka 2 na inayobadilika kwa miaka 28 iliyobaki, na hesabu ulizozitaja zinalingana nayo barabara. Baada ya miaka 2 riba ilipatikana kwa kuchukua kiwango ambacho benki za London zilikopeshana kwa miezi 6, kisha kuongeza, kwa kawaida, asilimia 6 hivi za mkopeshaji, huku pandisho la kwanza likiwa na kikomo, mara nyingi asilimia 3. Mwanzoni mwa 2007 kiwango cha London kilikuwa kimepita asilimia 5. Jumla ilipita 11, kikomo kikaizuia kwenye 10.5, na hapo ndipo dola 770 zilipogeuka karibu 1,000. Miezi sita baadaye kikomo kiliruhusu kupanda tena.

Naomba uitazame kwa makini siku aliyotia saini. Mwanzoni mwa 2005 kiwango cha London kilikuwa karibu asilimia 3. Tatu na sita ni tisa, ilhali kaka alikuwa akitozwa 7.5. Maana yake ni kwamba hata kama riba za dunia zisingepanda hata kidogo, marejesho yake yangepanda mwaka 2007. Na kwa kuwa Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake mara 17 mfululizo, kutoka asilimia 1 katikati ya 2004 hadi 5.25 katikati ya 2006, yalipanda zaidi. Mkopo huo ulitungwa ili kila baada ya miaka 2 mkopaji akope upya, alipe ada upya, na dalali apate kamisheni upya. Mpango kama huo unasimama tu pale bei za nyumba zinapopanda. Cleveland bei hazikuwahi kupaa kama za California au Florida, kwa hiyo mlango wa kukopa upya ulifungwa mapema, na kufikia 2007 mitaa kama Slavic Village ilikuwa imejaa nyumba zilizofungwa mbao madirishani.

Waliocheza dhidi ya mikopo hii hawakuwa na siri yoyote. Walichofanya ni kusoma masharti hayo, wakaangalia ni lini riba za watu zitapanda, na wakauliza watalipa kwa fedha gani. Taarifa ileile ilikuwa ndani ya bahasha ya kaka, imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Hata lile swali lake la haki lilikuwa na mahali pake, ila palikuwa kwingine. Oktoba 2007, katika mahakama ya shirikisho hapohapo Cleveland, Jaji Christopher Boyko alitupilia mbali kesi 14 za kunyang'anya nyumba zilizofunguliwa na Deutsche Bank kama mdhamini, yaani msimamizi, wa mifuko ya mikopo, kwa sababu benki haikuthibitisha kwamba ilikuwa inamiliki madeni hayo siku ilipofungua kesi. Mwaka 2010 iligundulika kwamba wafanyakazi wa kampuni kadhaa za mikopo walikuwa wakitia saini maelfu ya viapo vya kesi kama hizo bila kusoma mafaili. Swali lililoweza kumsaidia kaka mwaka 2008 lilikuwa hili: anayenishtaki anaweza kuonyesha kwamba deni ni lake? Leo, baada ya mnada na miaka yote hii, sitarajii kwamba limebaki na nguvu.

Kuhusu nyumba yenu, ushauri wangu ni kwamba mnaweza kununua, na mchukue mkopo wa riba isiyobadilika, mradi marejesho yake yanatosheka na mapato mliyonayo sasa na bado mnabaki na akiba ya miezi kadhaa. Kama marejesho hayo hayawezekani na ule mwingine ndio pekee unaowezekana, basi nyumba hiyo ni ghali kwenu, na mngoje. Mkopo wa miaka 5 ya riba ya chini una manufaa kwa anayejua kwa hakika kwamba atahama au atamaliza deni kabla ya miaka hiyo. Anayetumaini kwamba kabla ya hapo atakopa upya yuko mahali palepale alipokuwa kaka mwaka 2005.

Hata hivyo sheria mliyo nayo si ile aliyokuwa nayo yeye. Kufuatia sheria ya mageuzi ya Julai 2010, tangu Januari 2014 mkopeshaji analazimika kuthibitisha kwa nyaraka kwamba mkopaji ana uwezo wa kulipa, na hawezi kutegemea riba ya chini ya mwanzo peke yake katika hesabu hiyo. Faini ya kulipa deni mapema, ambayo iliwafunga wengi wa wakati wake, hairuhusiwi katika mkopo wa nyumba wenye riba inayobadilika. Ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokea maombi yenu, mkopeshaji lazima awape waraka wa makadirio ya mkopo. Ukurasa wa kwanza una swali kama riba na marejesho yanaweza kuongezeka baada ya kutia saini, na majibu ni ndiyo au hapana. Chini yake mtaona kama kodi na bima zimo katika malipo ya kila mwezi au mtazilipa kando, jambo lililomvizia kaka. Ukurasa wa pili, kwa mkopo wa riba inayobadilika, una jedwali linaloonyesha kiwango cha msingi, nyongeza ya mkopeshaji na vikomo, yaani hesabu ileile niliyoifanya hapo juu. Mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na wizara ya nyumba ya shirikisho anaweza kuzipitia karatasi hizo pamoja nanyi bila malipo au kwa ada ndogo.

Mama usimjibu kwa simu ya ubishi. Mweleze kwamba kaka alidhulumiwa kweli, kwa kuwa nadhani katika familia yenu hakuna aliyewahi kulitamka hilo mbele yake, na kwamba umekubali kumsikiliza. Kisha mfuate kaka Cleveland, pamoja na mumeo, mkiwa na makadirio ya mikopo yote miwili na bila kalamu ya kutia saini. Mwombe, akiwa mkubwa wenu na akiwa ndiye anayeujua mkopo ule kwa maumivu yake, alisome hilo jedwali la ukurasa wa pili na kulilinganisha na nyongeza ya mkataba wake wa 2005, kisha akuambie ni mkopo upi kati ya miwili unaofanana na wake.